Ndege usiku Mavivi: taa za njia peke yake hazitoshi

Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walichukua mji wa Goma na kiwanja chake cha ndege kikafungwa. Tangu hapo, kazi nyingi iliyokuwa inafanyika Goma ilihamia kaskazini mwa jimbo. Beni ikawa makao ya muda ya serikali ya Kivu ya Kaskazini. Viongozi, wanajeshi, wafanyakazi wa misaada, wagonjwa, wafanyabiashara na wanafunzi wote wakaanza kugombania mlango ule ule: kiwanja cha ndege cha Mavivi, kwenye barabara ya taifa namba 4 kati ya Beni na Oicha.

Ndege za abiria zinatumia Mavivi mchana. Wenye kusafiri wanajua desturi: ukisikia ndege inachelewa, unaangalia jua. Huku kwetu tuko karibu kabisa na mstari wa ikweta, na giza halibembelezi. Jua linazama karibu na saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na baada ya dakika ishirini hivi ni usiku. Ndege iliyochelewa saa mbili kutoka Kinshasa ao Kisangani inaweza kukuta siku imekwisha.

Ndiyo maana swali linarudi kila mara, kwenye teksi, sokoni na kwenye ofisi: kwa nini wasiweke taa ili ndege zitue hata usiku? Wafanyabiashara wa Butembo wanaopitia Kasindi kwenda kupanda ndege Entebbe, kuelekea Dubai ao Guangzhou, wameona kule ndege zinashuka saa sita za usiku kama mchana. Wanauliza: sisi tumekosa nini?

Swali ni la haki. Lakini mazungumzo mengi yanaishia kwenye taa za njia ya kurukia, kana kwamba hatari yote iko hewani. Ajali kubwa za viwanja vya ndege, duniani, zinaonyesha kitu kingine. Kuna sehemu ya safari ambayo abiria haiogopi hata kidogo: zile dakika ambazo ndege inatembea chini, kutoka inapoegeshwa hadi inaposimama tayari kuruka, ao kutoka inapotua hadi mlango unapofunguliwa. Usiku, hapo ndipo kazi inakuwa ngumu zaidi.

Kiwanja kikubwa kinafungwa, kidogo kinabeba mzigo

Ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya usafiri wa ndege ilitokea chini, na wala si usiku. Ilikuwa tarehe 27 Machi 1977, kwenye kisiwa cha Tenerife, nchi ya Uhispania. Ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana juu ya njia ya kurukia. Watu 583 walikufa.

Kwa mtu wa Beni, chanzo cha ajali ile kinafaa kusomwa mara mbili. Ndege zile hazikuwa zinaenda Tenerife. Zilikuwa zinaenda kisiwa cha jirani, Gran Canaria. Bomu lililipuka kwenye jengo la abiria kule, kiwanja kikafungwa, na ndege zote zikatumwa kwenye kiwanja kidogo cha Los Rodeos. Kile kiwanja hakikujengwa kwa ajili ya ndege kubwa nyingi namna ile kwa wakati mmoja. Maegesho yalijaa mpaka ndege zikaziba njia ndogo za kupitia. Ikabidi ndege zitembee ndani ya njia yenyewe ya kurukia ili zifike mwisho wake. Ukungu ukashuka. Mnara ukawa hauoni ndege, na ndege hazikuonana. Rubani wa KLM akaanza kukimbia kuruka, akidhani njia ni tupu, wakati Pan Am ilikuwa bado iko mbele yake.

Kiwanja kikubwa kilichofungwa kwa sababu ya usalama, na kidogo kilichobeba mzigo wake. Hiyo ndiyo hali ya jimbo letu, ijapokuwa ndege zetu ni ndogo na si nyingi hivyo.

Kuna kitu kingine kinachofanana. Kwenye viwanja vidogo vyenye njia moja tu, bila njia ya pembeni inayokwenda sambamba nayo, ndege haina pengine pa kupita. Inaingia kwenye njia ya kurukia, inatembea polepole mpaka mwisho, inageuka, ndipo inaruka. Inayotua inafanya vile vile kinyume: inasimama, inageuka, inarudi ndani ya njia ile ile. Kwa dakika hizo zote, njia imefungwa. Mchana, mtu wa mnarani anaangalia kwa macho na kuona kama imetoka. Usiku anaona taa tu.

Taa inaweza kuficha ndege

Wengi wanadhani taa zikiwa nyingi, usalama unaongezeka. Si kila wakati.

Tarehe 1 Februari 1991, jioni, giza limekwisha kuingia, Boeing 737 ya kampuni ya USAir ilipewa ruhusa ya kutua kwenye kiwanja cha Los Angeles, Marekani. Mbele yake, juu ya njia ile ile, ndege ndogo ya SkyWest ilikuwa imesimama ikingoja kuruka. Mwongoza ndege mwenyewe ndiye aliyeiweka pale, akaisahau kwa sababu ya kazi nyingi. Marubani wa USAir hawakuiona, kwani taa zake zilijichanganya na taa za katikati ya njia. Watu 35 walikufa.

Ndiyo sababu taa za kiwanja zina lugha yake, na lugha hiyo haichezewi. Pembeni ya njia ya kurukia taa ni nyeupe. Mwanzo wa njia unaonyeshwa kwa kijani na mwisho kwa nyekundu. Pembeni ya njia ndogo, zile za kutoka maegesho, taa ni za buluu. Rubani akiona buluu anajua yuko njia ya kupitia. Akiona nyeupe anajua yuko mahali ambapo ndege nyingine inaweza kutua juu yake. Katikati ya hizo mbili kuna mstari wa kusimama. Ni rangi ya manjano iliyochorwa chini, na kwenye viwanja vikubwa huongezwa safu ya taa nyekundu. Kuvuka ule mstari bila ruhusa ni sawa na dereva kupita reli bila kutazama.

Ndege nayo ina lugha yake. Taa nyekundu kwenye bawa la kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma. Na kuna taa nyekundu inayomulika na kuzimika, juu ao chini ya tumbo la ndege. Ikiwaka, maana yake injini zinazunguka ao ziko karibu kuwashwa. Kwa mbeba mizigo, mlinzi, dereva wa gari la mafuta ao askari wa zamu, ile taa moja ni amri: usisogee. Mchana, panga za injini zikizunguka zinaonekana kama kivuli. Usiku hazionekani kabisa. Mtu anaweza kutembea moja kwa moja ndani yake akidhani mbele yake ni wazi.

Haneda: haraka ya kupeleka msaada

Mfano wa karibuni zaidi ni wa Japani, na unatugusa kwa sababu unahusu ndege ya msaada.

Tarehe 1 Januari 2024, tetemeko kubwa la ardhi lilipiga eneo la Noto. Kesho yake jioni, kwenye kiwanja cha Haneda mjini Tokyo, ndege ya walinzi wa pwani ilikuwa inajiandaa kupeleka vitu vya msaada kwa walioathirika. Ilikuwa karibu saa kumi na mbili kasoro, giza limekwisha kuingia. Mwongoza ndege alimwambia rubani wake kwamba yeye ni namba moja, na aende mpaka mahali pa kusimama. Rubani alifahamu kwamba ameruhusiwa kuingia njia ya kurukia. Akaingia, akasimama pale kwa sekunde karibu 40.

Ndege ya abiria ya Japan Airlines, aina ya Airbus A350, ikatua juu yake. Ndani ya ile ndogo walikuwa watu sita, watano walikufa. Ndani ya kubwa walikuwa watu 379, na wote walitoka hai, kabla moto haujaimaliza ndege. Vipaza sauti vya ndani ya ndege vilikuwa vimekufa. Wahudumu waliongoza abiria kwa kupaza sauti na kwa megafoni.

Haneda ni moja ya viwanja vyenye vifaa vingi duniani. Kilikuwa na taa. Kilikuwa na mtambo wa kuonya mnarani kama ndege imeingia njia bila ruhusa. Onyo lilitokea kwenye kioo, lakini halikuonekana kwa wakati. Zile taa nyekundu za mstari wa kusimama, mahali pale pale, zilikuwa hazifanyi kazi siku hizo kwa sababu ya matengenezo.

Kilichoua watu pale ni neno moja lililofahamika vibaya, katika saa ya haraka, kwenye giza. Na haraka tunaijua. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020, Beni na Butembo zilipokea ndege za chanjo, za waganga na za vifaa. Kila wakati watu wanapouawa ao kukimbia vijiji vyao, ndege za msaada zinaongezeka. Pale Mavivi, ndege za abiria zinatumia kiwanja kimoja na za mashirika ya kibinadamu, za Umoja wa Mataifa na za jeshi. Marubani wanatoka nchi mbalimbali. Wengine wanaongea Kifaransa na mnara, wengine Kiingereza. Rubani asiyefahamu lugha ya mwenzake hawezi kujua kwamba mwenzake ameambiwa kuingia njia.

Baada ya Tenerife, dunia ya ndege ilibadilisha namna ya kusema redioni. Neno la kuruka halitamkwi tena mpaka ruhusa yenyewe ya kuruka inapotolewa ao kufutwa. Rubani anarudilia sehemu za maagizo zinazohusu usalama, na mwongoza ndege anasikiliza kama amerudilia sawa. Kazi hiyo haihitaji mashine ya gharama. Inahitaji watu waliofundishwa, wasiochoka kupita kiasi, wanaolipwa kwa wakati, na wenye redio inayosikika vizuri.

Rangi, uzio na barabara ya kurudi mjini

Kuna vitu ambavyo bei yake ni ndogo kuliko taa, na ambavyo vinaokoa maisha hata mchana.

Cha kwanza ni rangi na vibao. Tarehe 8 Oktoba 2001, asubuhi yenye ukungu mzito, kwenye kiwanja cha Linate mjini Milano, Italia, ndege ndogo ilipotea njia ikitoka maegesho. Ikaingia kwenye njia ya kurukia wakati ndege kubwa ya SAS inakimbia kuruka. Watu 118 walikufa. Uchunguzi ulikuta alama za chini zimechakaa na vibao havitoshi, na rada ya kuangalia ndege chini haikuwa inafanya kazi. Butembo, mji wa milima wenye baridi, unajua ukungu wa asubuhi. Kiwanja cha Rughenda kiko juu ya kilima, nyumba za watu zimekizunguka, na kinapokea ndege ndogo. Pale, hatari ya kutoona haingoji usiku. Inakuja hata saa moja ya asubuhi.

Cha pili ni uzio. Watu wa Kivu wana kumbukumbu mbaya ya ndege na nyumba kukaribiana. Tarehe 15 Aprili 2008, ndege ya Hewa Bora ilishindwa kuruka Goma, ikapita mwisho wa njia iliyokuwa imefupishwa na lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002, ikaingia kwenye mtaa wa Birere. Watu karibu 40 walikufa, wengi wao wakiwa mtaani kwao. Tarehe 24 Novemba 2019, ndege ndogo ya Busy Bee, iliyokuwa inakuja hapa Beni, ilianguka juu ya nyumba mara tu baada ya kuruka kutoka Goma. Zilikuwa ajali za kuruka, na zilitokea mchana. Lakini zinatukumbusha kwamba kwetu, mpaka kati ya kiwanja na mtaa ni mwembamba. Mahali ambapo watu wamezoea kukatisha njia ya ndege kwa mguu ao kwa pikipiki, ao mbuzi kulisha pembeni yake, mchana mlinzi anaweza kuwaona na kupiga filimbi. Usiku, mwenye kuwaona wa kwanza atakuwa rubani, na atakuwa amekwisha kuchelewa.

Cha tatu ni wazimamoto. Kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwenye Kiambatisho cha 14 kinachohusu viwanja, zinasema gari la wazimamoto lifike sehemu yoyote ya njia ya kurukia kwa muda usiozidi dakika tatu. Dakika tatu usiku, bila taa za njia za kupitia, dereva akitafuta pa kupita, zinaisha haraka. Na yeye mwenyewe anaweza kuwa hatari. Lima, nchi ya Peru, tarehe 18 Novemba 2022, gari la wazimamoto waliokuwa kwenye zoezi liliingia njia ya kurukia na kugongwa na ndege inayokimbia kuruka. Wazimamoto walikufa. Kwa hiyo kila gari linaloingia upande wa ndege, la polisi, la jeshi, la mashirika ao la mkubwa fulani, linapaswa kuwa na taa, redio na ruhusa ya mnara. Kwetu, jambo gumu ni lile la mkubwa: nani atamwambia dereva wa msafara wa kiongozi asimame?

Cha nne ni umeme. Taa za njia zikizimika wakati ndege inatua ao inatembea, jenereta inapaswa kushika kazi kwa sekunde chache, si kwa dakika. Kila nyumba ya Beni na Butembo inajua namna umeme unavyokatika. Kuweka taa bila jenereta ya pili, mafuta yake na fundi wa zamu ni kumtegea rubani mtego.

Na cha tano ni cha kwetu kabisa: barabara. Ndege ikitua Mavivi saa mbili za usiku, abiria wataenda wapi? Kiwanja kiko nje ya mji, katika eneo ambalo raia wameuawa na kukimbizwa tangu mwaka 2014 kwa mashambulizi ya ADF. Safari ya ndege haiishii kwenye ngazi. Anayepanga ndege za usiku anapaswa kupanga pia namna mama mwenye mtoto atakavyofika Beni salama, ao atakapolala.

Mgonjwa hangoji asubuhi

Kuna jibu ambalo wanaotaka ndege za usiku wanatoa, na lina uzito. Majeruhi wa shambulio hangoji jua lichomoze. Mama aliyepasuliwa vibaya hangoji. Kusema tusubiri mpaka kila kitu kikamilike ni kusema wengine wafe wakati tunangoja, na sisi tunajua namna miradi inavyochelewa.

Lakini ndege moja ya dharura si sawa na ratiba ya kila usiku. Kwa dharura, kuna utaratibu rahisi: ndege moja kwa mara moja. Njia inakaguliwa kwa gari kabla. Hakuna ndege nyingine inayotembea, hakuna gari linaloingia, hakuna injini inayowashwa mpaka ile moja iwe imesimama na magurudumu yake yamefungwa. Ruhusa inatoka kwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina. Utaratibu huo unaondoa hatari kubwa ya Tenerife, Los Angeles na Haneda, kwa sababu hakuna ndege ya pili ya kugongana nayo. Hauondoi kazi ya taa, ya uzio na ya wazimamoto, lakini ni hatua ambayo kiwanja kidogo kinaweza kuibeba.

Ratiba ya usiku, yenye ndege mbili ao tatu zinazopishana, ni kitu kingine. Hiyo inapaswa kungoja kazi nyingine zote.

Nani aulizwe

Viwanja vya serikali vinasimamiwa na RVA. Usalama wa usafiri wa anga unasimamiwa na AAC. Tangu mwaka 2009, abiria wanalipa go-pass, iliyoanza kwa dola 10 kwa safari ya ndani na dola 50 kwa safari ya nje, na waliambiwa feza hizo ni za kutengeneza viwanja. Tangu 2006, makampuni ya ndege ya Kongo yako kwenye orodha ya wasioruhusiwa kuruka Ulaya, kwa sababu usimamizi wa usalama unaonekana kuwa dhaifu. Kwa hiyo mkaaji anayeuliza haombi zawadi. Anauliza juu ya kitu alichokwisha kulipia.

Maswali yenyewe ni mepesi, na mtu hahitaji kuwa rubani ili kuyauliza. Rangi ya mstari wa kusimama ilipakwa lini mara ya mwisho? Uzio una matundu mangapi, na nani anayaziba? Ni magari gani yana ruhusa ya kuingia upande wa ndege, na madereva wake walifundishwa wapi? Wabeba mizigo wana makoti yanayong'aa? Gari la wazimamoto lina maji leo, na lilifanya zoezi lini? Waongoza ndege ni wangapi kwa zamu, na wamelipwa?

Yote hayo yanafaa mchana wa leo, hata kama taa hazitakuja mwaka huu wala ujao. Na siku zitakapokuja, zitakuta kiwanja ambacho watu wake wamekwisha kujua nani anasimama, nani anapita, na nani anaamuru. Viongozi wakija kukata utepe wa taa mpya, wakaaji wa Beni na Butembo wafurahi, kisha waombe kuonyeshwa na mstari wa manjano.